Kumfikisha Baba Chini

Huku Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, tuna neno moja kwa michezo yote ya kupigana, nalo ni karate. Anayerusha teke anacheza karate, anayemkaba mwenzake shingo anacheza karate, hata mlevi anayepepesa mikono mbele ya baa ataambiwa ameanza karate yake. Kwa hiyo waliponiona nashuka mteremko alasiri, suruali nyeupe imechungulia chini ya dera, mkoba begani, wakasema yule wa vitenge anaenda karate. Sikuwasahihisha. Nina ulimi usiolala, na kila anayenunua kwangu anajua hivyo, lakini hilo niliwaachia.

Sababu walinitafutia wenyewe. Wengine walisema ni wezi, maana nilikuwa navuka daraja kwenda Bukavu kuchukua vitenge, na mwanamke mwenye mzigo hakosi wa kumfuata. Wengine walisema ni kwa ajili ya mume aliyeniacha, kwamba najiandaa siku tutakayokutana. Yule bwana, kama ningetaka kumpiga, mwiko wa ugali ungetosha. Shangazi yangu, dada wa baba, hakutafuta sababu. Alisema mwanamke wa Kiislamu hagaragazani na watu, na kwamba mama yangu angekuwa hai ningeona.

Ukweli ulikuwa mfupi, na sikutaka kuusema sokoni. Baba alikuwa mtu mzito, na alikuwa ameanza kuanguka.

Alikuwa mchinjaji. Huku kwetu kazi hiyo iko mikononi mwa Waislamu tangu zamani za babu, kwa sababu nyama tuliyoichinja sisi kila mtu ataila, Mkristo na asiye Mkristo. Ng'ombe waliletwa kwa miguu kutoka Nzahaha na Gikundamvura, wamechoka na njia, macho mekundu, na baba aliwapokea kama wageni. Hakuwapigia kelele wala hakuruhusu mtu awapige fimbo. Alikuwa na kifua kipana na shingo nene, na mkono wake ukikushika bega ulijua umeshikwa. Niliolewa nikaachika, nikarudi nyumbani kwake na sanduku langu, naye hakuniuliza hata swali moja. Alisogeza viti sebuleni nikapata mahali pa kuweka cherehani.

Mkono ulianza kidogo tu. Kidole gumba kikawa kinasugua kidole cha pili, kama mtu anayechambua mchele, hata akiwa ameketi hana kazi. Tukasema ni uzee. Lakini kisu cha kuchinja hakitaki mkono wa kusitasita; kinapita mara moja, hakinyanyuliwi njiani. Baba aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote mjini. Asubuhi moja alirudi nyumbani mapema, jua halijapanda, akaketi uani kwenye kiti cha plastiki akaomba chai. Visu vyake alikuwa amevifunga kwenye kitambaa. Hakuna kilichoharibika, aliniambia, ila ameuhisi mkono kabla haujafika shingoni, akampa kisu mwenzake. Hakurudi tena machinjioni. Nilimpikia chai ile huku nalia jikoni, na nilipomletea nilikuwa nimeshanawa uso.

Daktari alitueleza bila kuzunguka. Ni ugonjwa wa ubongo, ndio unaoleta kutetemeka, na baada ya kutetemeka utakuja kukakamaa, na miguu itakuwa inagoma. Dawa zipo za kuupunguza mwendo, za kuuondoa hazipo. Na kweli miguu ikaja kugoma. Ilikuwa inaganda kwenye kizingiti cha mlango, kama imebandikwa sakafuni, lakini kiwiliwili chake hakikupata habari, kikaendelea mbele.

Mara ya kwanza alianguka pale bombani, uani. Nilikuwa karibu. Nilimwona anaenda, nikapiga kelele, "Papa, utaanguka!" nikamkamata mkono nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Kumvuta kwangu ndiko kulikomgeuza. Tukaanguka wote, mimi chini ya mguu wake, yeye shavu juu ya saruji, kofia yake ndani ya tope. Nikajaribu kumwinua, nikashindwa. Nikajaribu tena, nikashindwa. Ilibidi nitoke nje nikaite wanaume waliokuwa wakipita njia, waendesha pikipiki na muuza mkaa mmoja, wakaja wakamwinua kwa kuhesabiana kama watu wanaopakia kabati. Walikuwa wema. Wakasema pole mzee, pole mzee, wakampangusa. Baba aliwashukuru kila mmoja. Walipotoka aliniambia, bila kunitazama, kwamba kufa hakumtishi, lakini hataki watu wamwone akiwa chini.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye mtoto mwingine pekee wa baba, anaishi Kigali na anauza vipuri vya magari. Nilipompigia simu akasema tununue kiti cha magurudumu na tutafute kijana mwenye nguvu wa kumshika mzee, atamlipa yeye. Lilikuwa wazo jema la mtu aliye mbali. Baba alilikataa. Alisema kiti akikikalia hatatoka tena, na mtu wa kulipwa atakwenda kusimulia. Alitaka kitu kimoja tu, kutembea kwa miguu yake kwenda msikitini kila Ijumaa, mpaka Mungu atakaposema basi. Nikajiambia atatembea. Nilikuwa na uzito kama nusu ya wake, na sikuwa najua lolote, lakini nilikasirika sana siku ile na hasira ikiwa kwangu huwa inatafuta kazi ya kufanya.

Kwa kuwa neno nililolijua ni karate, nilikwenda karate. Walikuwa wanafanyia kwenye ukumbi wa shule moja, vijana wengi, wamepangwa mistari, wanapiga hewa ngumi na kupiga kelele kwa pamoja. Nilijiunga. Nilirusha ngumi zangu na mateke yangu nyuma kabisa pamoja na wasichana, na kwa kweli ilinituliza roho. Kila ngumi niliipa jina la jambo lililoniudhi. Lakini kila nikirudi nyumbani baba alikuwa yule yule, na mimi sikuwa nimejua la kumfanyia. Siku moja nikamfuata mwalimu nikamuuliza, mtu akiwa anaanguka mbele yako, unamshikaje? Alifikiri namtania. Akaniambia hapa kazi yetu ni kumwangusha, kufika chini ni shauri lake mwenyewe. Kisha akaona uso wangu, akaniuliza vizuri, nikamweleza. Hakucheka. Aliniambia ninachokitafuta hakiko kwake, niende kwa yule Mkongo wa judo, kule nyuma ya soko.

Mkongo wa judo alikuwa mtu wa Bukavu, Mkristo, amepanga chumba kikubwa kilichowahi kuwa ghala. Sakafuni alikuwa ameshona magunia ya pumba za mpunga kutoka Bugarama, akayafunika turubai, akalikaza kwa mbao pembeni. Ukiingia ulisikia harufu ya mpunga na jasho. Nilimweleza shida yangu nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Akanijibu kwa lugha yao ya ng'ambo, ambayo ni kama yetu tu.

"Maman, hapa ya kwanza tunafundisha kuanguka. Muntu mwenye hajue kuanguka, hawezi kuangusha mwenzake. Na yule unaangusha, haumuachilie. Unamukamata mpaka afike chini. Ni mwenzako, hapana adui."

Akawaita wanafunzi wawili wakanionyesha. Mmoja alimbeba mwenzake nyongani akamzungusha hewani, na nilikuwa nimeshafumba macho kusubiri kishindo, lakini mkono wake haukuachia mkono wa nguo ya mwenzake. Ulimvuta juu kidogo dakika ya mwisho, yule akatua mgongoni kama mtu anayejilaza. Nikasema ni huu. Sijui kama watu huchagua mchezo kwa namna hiyo. Wenzangu pale walikuwa wamechagua kwa sababu ya mkanda, au ya safari za mashindano, au ya kumwogopesha mtu. Mimi nilichagua kwa sababu ya ule mkono usioachia.

Kuhusu kugaragazana, shangazi angeweza kutulia. Wanawake tulifundishwa na mke wa mwalimu. Huyo alikuwa Maman mmoja mkubwa wa mwili, anayevusha samaki mpakani asubuhi na kufundisha jioni, na ujanani mwake alikuwa akishindana huko kwao. Mwanzoni niliona aibu kumweleza kwamba sihitaji kuangusha mtu, nahitaji mtu aniangukie. Yeye hakuona ajabu. Aliuliza baba ana mwili gani, nikamwambia, akajitazama tumbo, akasema basi Papa wako ni mimi. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kuniangukia. Alianguka mbele, alianguka nyuma, alianguka upande akitetemesha mkono kama nilivyomweleza, huku anasimulia bei za samaki, bila kunionya. Siku za mwanzo alinikandamiza kwenye pumba zile mpaka nikawa natema vumbi. Baadaye nikaanza kujifunza. Kumbe mikono si kitu. Ni magoti, na kiuno, na kufika mapema. Anayeanguka humzuii, unaingia chini yake, unakuwa ngazi, mnashuka pamoja.

Nyumbani baba alijua nakwenda, watu walikuwa wameshampa habari. Hakuwa amenikataza, lakini hakuwa ameniuliza, mpaka siku moja miguu yake ilipoganda mlangoni mwa chumba chake na mimi nikawa nyuma yake. Niliingia chini ya kwapa, nikakaza nyonga yangu kwenye yake, nikainama naye. Tukafika sakafuni wote wawili tumeketi, yeye mapajani mwangu, kofia yake kichwani. Kisha akaanza kucheka, cheko lile la zamani la kifuani ambalo ugonjwa ulikuwa umeshalipunguza, akasema kumbe nimekwenda kusomea kazi yake. Nilikuwa nimemlaza kama ng'ombe wa Idi.

Kuanzia siku hiyo akawa mwalimu wangu wa pili, na mkali kuliko wa kwanza. Aliniambia ng'ombe hatupwi chini, analazwa. Ukimvuta kichwa atapigana nawe, na ana nguvu kukushinda. Unasubiri auhamishe uzito wake mwenyewe, maana kila kiumbe kilichosimama huuhamisha uzito, na hapo ndipo unamwongoza. Akaniambia pia jambo ambalo mwalimu wa judo asingelijua. Ilikuwa asubuhi, tunatoka naye uani, na mimi kama kawaida yangu namhimiza kila hatua, angalia Papa, taratibu Papa, utaanguka Papa. Akasimama, akanishika mkono.

"Ng'ombe habamuonyeshake kisu," alisema. "Na weye kila siku uko unanionyesha. Papa utaanguka, Papa utaanguka. Nyamaza, unikamate tu."

Nilinyamaza. Kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa gumu kuliko kumpokea yule Maman. Lakini ilikuwa kweli. Hofu ilimkaza, na mwili uliokazwa ni mzito kushinda uliolegea. Nikawa natembea nyuma yake nusu hatua, upande wa kushoto, nazungumza habari za vitenge na za majirani, na mwili wangu peke yake ndio unaomsikiliza.

Tulikwenda msikitini hivyo, Ijumaa baada ya Ijumaa. Nilimfikisha mlangoni, wanaume wakampokea, mimi nikaingia upande wetu, na swala ikiisha nikamchukua. Watu walimsalimia kwa heshima yake, mzee wa machinjio. Siku moja tunarudi, pale juu ambapo ziwa linaonekana lote, karibu na kijiwe cha pikipiki, miguu ikaganda. Nilihisi kabla hajahisi yeye. Niliingia, nikashuka naye, tukaketi kwenye ukingo wa mtaro taratibu kama watu waliochoka jua. Hakuna aliyegeuka. Baba akanyoosha mguu, akaweka fimbo magotini, akatazama ziwa na milima ya Kongo ng'ambo, na waliopita wakatusalimia, naye akaitikia. Mmoja wa waendesha pikipiki akamuuliza mzee vipi, mbona mmekaa. Baba akamjibu, "Nyinyi wenye muko juu, niko nabangoja huku chini." Yule kijana akacheka, akijua methali yake, na akaondoka bila kujua kwamba mtu alikuwa ameanguka mbele yake. Baba aliniomba karanga. Nilimnunulia kwa mama aliyekuwa akipita na beseni, tukala pale mpaka miguu ikakubali. Katika maisha yangu yote sijafanya jambo lililonifurahisha kama lile, na nasema hivyo nikikumbuka pia siku ya harusi yangu.

Ugonjwa lakini haukuwa unatungojea. Sauti yake ikapungua mpaka nikawa naisoma midomoni. Chakula kikaanza kumpalia, ugali ukawa uji, uji ukawa vijiko vichache ambavyo kila kimoja kilikuwa na safari yake. Kwenda msikitini kukaisha bila kutangazwa. Ijumaa moja mvua ilinyesha, iliyofuata alikuwa na homa, na baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena. Na mimi nikaacha kwenda kwenye mazoezi, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Nilimwinua kitandani, nilimkalisha, nilimshusha bafuni, nilimrudisha. Kazi ile niliifanya vizuri. Nakumbuka nilivyokuwa najisifu. Mwanzoni nilikuwa natoka jasho kumfikisha kitini, na sasa nilikuwa namshusha kwa mkono mmoja huku mwingine unatandika shuka. Nilimwambia, Papa, unaona mwanao alivyokuwa fundi? Akatabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii. Shangazi naye, aliyekuwa anakuja kunisaidia kufua, alisimama mlangoni akanitazama nikimgeuza, akasema kweli mchezo wako umekufaa. Sifa ya shangazi haiokotwi njiani, nikaiweka moyoni.

Kitu kimoja tu hakikubadilika mpaka mwisho. Kila nilipomshusha, alikuwa ametulia njia nzima, lakini pale chini kabisa, mgongo ukibakiza upana wa kiganja kugusa godoro, alishtuka na kunikamata nguo. Ndipo hofu yake ilipokuwa imejificha, katika kile kipande kidogo cha mwisho. Kwa hiyo nilijifunza kutomwachia. Nilibaki nimemshika hata alipokuwa ameshafika, mpaka vidole vyake vilegee vyenyewe.

Alikufa asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, mkono wake ndani ya mkono wangu. Kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha pili, kisha kikaacha. Kwa miaka ile yote niliombea kitulie, na kilipotulia nilitamani kianze tena.

Kwa desturi yetu maiti haikai. Mdogo wangu alitoka Kigali nilipompigia tu, akavuka msitu wa Nyungwe akiendesha kama mwendawazimu, na alipofika mchana baba alikuwa ameshaoshwa. Wanaume ndio waliomwosha. Ndiyo sheria na siilalamikii. Mwanamume huoshwa na wanaume. Lakini nilikaa upande wa pili wa pazia nikisikia maji, na wale waliokuwa wanamgeuza hawakuwa wanajua bega la kushoto linauma likishikwa kwa juu. Nilikuwa na ulimi, na siku hiyo niliutumia. Nilisema kwa sauti, nyuma ya pazia, mshikeni kwa chini. Kisha nikasikia wanamgeuza taratibu zaidi.

Na makaburini sisi wanawake hatuendi. Tunabaki nyumbani. Anayeshuka kaburini kumpokea marehemu ni jamaa zake wa kiume, na kwa baba huyo alikuwa mdogo wangu, pamoja na watoto wa kiume wa shangazi. Shehe alikuwa ameshamwambia yeye ndiye atakayeshika katikati, kiunoni. Alinikuta nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Mtu mzima, ana watoto wake, ana duka lake, na alikuwa ameshika ukuta. Aliniambia hajawahi kumbeba baba. Tangu ugonjwa uanze alikuwa anakuja, anakaa kwenye kiti mbele yake, anazungumza, anaondoka. Alisema anamkumbuka alivyokuwa mzito, na kwamba atamwangusha mbele ya watu wote.

Nilimshika mkono nikamwingiza chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikatandika mkeka. Nilimwambia anibebe. Hakuelewa. Nikamwambia mimi ni Papa, nibebe uniweke pale chini. Nikalegeza mwili wote kama nilivyofundishwa na yule Maman wa samaki, kichwa, mikono, magoti, vyote. Akanikamata vibaya, kwa mikono, ananivuta. Nikafungua macho.

"Usimuvute. Umupokee," nilimwambia. "Piga magoti wewe, usiiname mugongo. Kiuno chake kwanza, kisha mabega, kichwa mwisho. Na akifika chini, usimuachilie mbio. Ni pale alikuwa anaogopa."

Akarudia. Nje wanawake walikuwa wanasoma Yasini, na mle ndani mdogo wangu alikuwa ananishusha kwenye mkeka, anainua, anashusha tena, machozi yake yananidondokea usoni. Sikumwonea huruma. Nilimsahihisha goti, nilimsahihisha mkono, nilimkaripia alipoharakisha. Nilipoona amejua, nilimwambia aende. Alinikumbatia pale sakafuni, akanawa, akatoka kwenda kubeba jeneza na wenzake.

Nilisimama mlangoni mpaka sauti za wanaume zikapotea nyuma ya kilima. Kazi yote niliyojifunza ilikuwa kumfikisha baba chini salama, na mara ya mwisho, ile kubwa kuliko zote, nilikuwa naisubiri nyumbani pamoja na masufuria ya pilau. Nilikuwa na uchungu, na si kila uchungu una mtu wa kulaumiwa.

Waliporudi, mdogo wangu alikuwa na udongo magotini. Alikuja moja kwa moja nilipokuwa, akaketi karibu yangu kwenye jamvi. Alisema amefanya nilivyomwambia, na mwisho hakumwachia haraka. Nikamshukuru. Kisha akasema tena, kwa mshangao.

"Lakini Papa alikuwa mwepesi, dada. Mbona haukuniambiaka kama amebakia mwepesi vile?"

Nilimjibu haraka, kama ninavyojibu wateja. Nilimwambia hakuwa mwepesi, ni kwamba amemshika vizuri. Mtu akishikwa vizuri hana uzito, ndiyo judo hiyo. Niliamini nilichosema. Akaitikia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua.

Matanga yakaisha, yeye akarudi Kigali, na nyumba ikawa na nafasi nyingi. Baada ya arobaini yule Maman alinijia sokoni na mfuko wa samaki, akasema nimekaa sana, nirudi, mwili unasahau. Nikarudi. Nilivaa suruali yangu, nikafunga kitambaa changu cha kichwa, nikasimama juu ya turubai mahali pangu. Hakunionya, kama zamani. Alianza kusimulia jambo la mpakani, na katikati ya neno akaniangukia.

Niliingia chini yake kwa wakati, nyonga kwa nyonga, magoti yamekunjwa, kila kitu mahali pake. Nikavunjika kama kijiti. Tulikwenda chini wote kwa kishindo kilichowageuza watu ukumbini, nikasikia pumba zinasagika chini ya mgongo wangu. Maman akajikwamua akacheka, akasema si nilikuambia, umesahau kazi. Lakini mwili haukuwa umesahau. Nilikuwa nimeifanya ile ile niliyokuwa nafanya kila siku nyumbani, mpaka asubuhi aliyokufa, kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mdogo wangu alikuwa amesema kweli. Yeye alimshika mara moja akajua. Mimi nilimshika kila siku, alikuwa anapungua mikononi mwangu kidogo kidogo, na kila alipopungua mimi nilifikiri nimekuwa hodari.

Maman aliacha kucheka. Aliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana, nikamwomba aniache hapo chini kidogo.